Shule zinapowania miguu ya watoto Eldoret

KILA shule zinapofunguliwa mwezi Januari, Eldoret hushuhudia biashara isiyo na duka wala leseni. Walimu wa michezo wa shule za bweni hupanda matatu kwenda Iten, Kapsabet, Ziwa na Moi's Bridge wakimuulizia mtoto fulani aliyeonekana mwaka uliotangulia akiwaacha wenzake nusu mzunguko katika mbio za mita 5,000, au akipaa juu ya wavu wa voliboli. Alama zake za mtihani huulizwa baadaye, na pengine haziulizwi kabisa. Mzazi huahidiwa kwamba karo italipwa, sare itashonwa, godoro na sanduku vitapatikana.

Kwa familia inayotegemea magunia machache ya mahindi na maziwa ya ng'ombe wawili, ahadi hiyo si ya kukataliwa. Karo ya shule ya kitaifa ya bweni ni Sh53,554 kwa mwaka kwa mujibu wa mwongozo wa serikali, na shule nyingi za kibinafsi hutoza zaidi ya hapo, tena mara kadhaa.

Upande wa shule nao una hesabu zake. Shule za kibinafsi zimechipuka kote Uasin Gishu, na tangu Eldoret ipandishwe hadhi kuwa jiji la tano nchini mnamo Agosti 2024, ushindani wa kupata wanafunzi umezidi kuwa mkali. Kombe moja la kitaifa huvutia wazazi wengi kuliko matangazo ya mwaka mzima redioni. Watoto 10 wasiolipa karo huleta wengine 100 wanaolipa. Mwenye shule akiamua kuwasomesha bure, kwa hiyo, asihesabiwe haraka miongoni mwa wafadhili. Huenda amenunua tangazo la bei nafuu kuliko yote.

Eneo hili lina mfano wake wa kale, nao husimuliwa nusunusu. Shule ya Wavulana ya St Patrick's mjini Iten, mwendo mfupi kutoka Eldoret, imetoa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa 1988, Peter Rono, na bingwa wa kuruka viunzi na maji wa 1992, Matthew Birir. Wilson Kipketer, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 akiikimbilia Denmark, alisoma hapo. Bruda Colm O'Connell alifika shuleni humo kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ujuzi wowote wa kufunza riadha. Wengi hukumbuka medali na kusema: tazameni faida ya kukusanya vipaji mahali pamoja.

Wasichokumbuka ni kwamba mwaka 1989 bruda huyo alianzisha kambi ya mazoezi ya vijana wakati wa likizo. Kambi ilipokea wavulana na wasichana wa shule mbalimbali, kisha kila mmoja akarudi kwake kuvaa sare yake. David Rudisha, mwanafunzi wake mashuhuri kuliko wote, alisoma Shule ya Sekondari ya Kimuron. Kocha hakuhitaji kumhamisha ili amfunze. Kwa maoni yangu, hapo ndipo siri ya Iten ilipo, na ndipo wanaojidai kuiga wanapopotea.

Kwa majirani zetu Uganda, mtindo wa kunyakua umekomaa. St Mary's Kitende, shule ya kibinafsi ya Lawrence Mulindwa aliyewahi kuwa rais wa shirikisho la soka nchini humo, imetawala soka ya shule kwa kuwapa wachezaji ufadhili kamili, na upinzani wake na Kibuli hujaza viwanja. Shule zetu hukutana na za Uganda katika michezo ya Afrika Mashariki, ile iliyoandaliwa papa hapa Eldoret mwaka 2016. Ukishindwa na timu iliyokusanywa, kishawishi cha kwenda kukusanya yako ni kikubwa.

Marekani, shule za kibinafsi za bweni hugombania wachezaji wa lakrosi, na baadhi huwapokea kwa mwaka wa ziada baada ya kumaliza sekondari ili wakomae kimwili. Wajapani walitufikia zamani. Samuel Wanjiru aliondoka Nyahururu mwaka 2002 kujiunga na Sendai Ikuei, na miaka sita baadaye akawa bingwa wa Olimpiki wa marathoni. Lakini Wajapani hao hao waliwazuia wageni kukimbia mkondo wa kwanza wa ekiden ya shule za upili kuanzia 2008, na kuanzia 2024 wakawaachia vipande vya kilomita tatu pekee. Waliona kwamba mashindano ya watoto wao yalikuwa yakiamuliwa na mgeni mmoja.

Sisi tunaelekea upande mwingine. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba mkondo huo ungechukua asilimia 15 ya wanafunzi. Ni hatua njema. Mtoto mwenye kipaji hahesabiwi tena kuwa mjinga mwenye mbio. Hata hivyo, shule iliyozoea kununua wachezaji sasa imepata jina la heshima la kufunika desturi hiyo, na sijaona sharti linaloibana imsomeshe mtoto hadi mwisho hata akiumia.

Wazazi wa kaunti hii wanajua ahadi za elimu zinavyoweza kuyeyuka. Mwaka 2023 waliandamana mjini kudai pesa walizolipa katika mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada. Hao walau walikuwa na stakabadhi za benki. Mzazi wa mwanariadha huwa na neno la mwalimu tu, walilopeana wamesimama chini ya mti.

Namfahamu kijana wa Keiyo, mtoto wa jamaa yangu, aliyechukuliwa akiwa kidato cha pili. Alishinda mbio za nyika za kaunti mara mbili. Kidato cha tatu akaumia mshipa wa kisigino. Muhula uliofuata mhasibu alimkabidhi babake hesabu ya karo tangu siku ya kwanza aliyolala bwenini. Mzee alipoomba kumwona mwalimu wa michezo aliyefika kwake, aliambiwa kwamba amehamia shule nyingine. Kijana alimalizia masomo katika shule ya kutwa karibu na nyumbani, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Picha yake akiwa na kombe niliiona ukutani katika ofisi ya shule ile nilipomsindikiza babake kufuata cheti.