BWANA MIFUGO ANAZUNGUMZA: Gusa Tumbo la Ng'ombe Wako



Mwezi huu twende zizini. Nataka uguse tumbo la ng'ombe wako akiwa mzima, ili siku akiugua ulitambue.

Simama upande wake wa kushoto. Tazama nyuma ya ubavu wa mwisho, mbele ya mfupa wa nyonga. Hapo juu pana kibonde. Chini ya ngozi ya kibonde hicho kuna tumbo kubwa linalotunza majani ambayo ng'ombe huyacheua baadaye.

Sukuma ngumi yako kwenye kibonde, uiache hapo. Utasikia tumbo linainuka, linaisukuma ngumi, kisha linashuka. Kwa dakika mbili huinuka mara tatu hivi. Huna saa? Hesabu polepole mpaka 120. Likikaa kimya muda wote huo, ng'ombe ni mgonjwa, hata kama amesimama na macho yanang'aa. Tumbo zima ukilibonyeza ni kama unga wa chapati uliokandwa. Linabonyea, halafu linarudi taratibu.

Je, kibonde kimejaa na kuvimba? Kipige kwa vidole. Kikilia kama ngoma, ndani kuna hewa. Ng'ombe huyo hulala na kuinuka. Hupiga tumbo lake kwa mguu, hutoa ulimi, hupumua kwa shida. Anaweza kufa kwa saa chache, kwa hiyo usingoje kesho. Tuma mtu amwite mtaalamu wa mifugo. Wewe msimamishe ng'ombe kwenye mwinuko, miguu ya mbele iwe juu. Mfunge kijiti mdomoni kama lijamu, akitafune. Mnyweshe mafuta ya kula, robo lita mpaka nusu lita, taratibu, bila kuinua sana kichwa, yasije yakaingia mapafuni. Mbuzi kikombe cha kahawa kinamtosha. Usimpe mafuta ya taa! Na kisu kiache jikoni. Mtaalamu ana chuma chake cha kutobolea, naye anajua mahali pa kutoboa.

Sasa nikuambie kosa langu. Mwaka 2017 mama mmoja wa Msigani, Ubungo, aliniita. Ng'ombe wake alikuwa na tumbo kubwa, lakini mbavu zilikuwa zinahesabika. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyolipa sare na madaftari ya watoto wake. Nilikuwa na haraka. Nilimtazama kutoka mlangoni, upande wa kulia, nikasema, "Mama, huyu ana mimba." Sikumgusa.

Mimba hujulikana kwa mkono. Ikifika miezi saba hivi, sukuma ngumi chini ya tumbo upande wa kulia. Mara nyingi utasikia kitu kigumu kinarudi na kuigonga ngumi yako. Huyo ni ndama. Mimi sikusukuma.

Baadaye ng'ombe yule alikataa majani. Hewa ilimjaa kushoto, ikapungua, ikarudi tena. Mavi yakawa kidogo. Mwishowe alichinjwa. Hapakuwa na ndama. Tumboni mlikuwa na donge la mifuko ya plastiki, limefungamana na kamba, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Bwana mifugo, ungemgusa siku ile ungejua?" Nilimjibu kwamba plastiki haishikiki kwa ngumi, ila ningejua kwamba hana mimba na kwamba tumbo lake limechoka. Tungemwita daktari mapema.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Lakini ile ya zamani haiozi. Mvua huifukua mabondeni. Ukiwa mjini na unachukua maganda sokoni, yamwage chini kwanza, uyachambue kwa mkono. Kazi hiyo huchukua muda mfupi tu. Nawe wa kijijini, tazama kamba za nailoni na magunia yaliyochakaa karibu na zizi.

Barua zenu juu ya kupe nimezipata. Nitazijibu mwezi ujao.