Tulihesabu Kodi, Tukasahau Saa

Mama mwenzetu, tulipohama Dar es Salaam kwenda Kibaha, mkoani Pwani, tulimshukuru Mungu. Kariakoo tulipanga chumba kimoja, na mtoto wetu wa miaka minne alichezea ukumbini, katikati ya majiko ya wapangaji. Kibaha tulipata vyumba vitatu na ua wenye mwembe.

Lakini kazi zetu, baba na mama, zilibaki mjini, kilometa 40 hivi kwa Barabara ya Morogoro. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto amelala. Tulirudi saa tatu usiku, amelala.

Jumamosi moja alijikwaa uani, akalia. Tulimnyooshea mikono. Akatupita, akamkimbilia msichana wa kazi.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tulikubaliana mama aombe kupunguziwa saa za kazi, hata kama mshahara ungepungua. Ulipungua kweli, na nyama tukaipunguza. Lakini sasa mtoto anakula chakula cha jioni mapajani mwa mama yake, na akiumia anajua pa kukimbilia.

Nanyi mnaofikiria kuhama, msiulize kodi tu. Kabla ya kulipa, safirini siku ya kazi, asubuhi na jioni, mkihesabu saa. Ulizeni shule ya awali na zahanati ziko wapi, na nani atampokea mtoto. Kisha kaeni na waume zenu mkubaliane: ni nani atakayefika nyumbani kabla mtoto hajalala?