Deni Usilolijua: Aletaye Madai Ndiye Alete Ushahidi

Muislamu huliogopa deni, na ni vyema akaliogopa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu deni: liandikwe vipi, nani aliandike na nani alishuhudie. Na wengi wetu tangu utotoni tumekisikia kile kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akauliza kama maiti ameacha deni. Alipoambiwa kuwa analo, aliwataka Maswahaba wamswalie wao mwenzao, na hakumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu ya dhima yake. Aliyelelewa juu ya kisa hiki hawezi kuipokea barua ya madai na moyo wake ukatulia.

Khofu hiyo njema sasa imepata wachuuzi. Katika miaka ya karibuni imezidi mitindo ya kuwadai watu madeni wasiyoyajua. Wapo wanaoletewa barua zenye nembo na muhuri, zimetajwa humo “wakili” na “dalali wa mahakama”, na wamepewa siku tatu kabla ya vyombo vya ndani kutolewa nje. Wapo wanaoamka asubuhi wakakuta katika simu ujumbe usemao kwamba wao ni wadhamini wa fulani, na fulani hajalipa, basi walipe wao ama majina yao yatangazwe. Ujumbe wa namna hii ni ndugu wa ule maarufu wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Tofauti yake ni kwamba ule humtegea mtu aliyeghafilika, na huu humtegea mtu mwaminifu.

Sisi tunaosomesha madrasa huletewa barua nyingi zisizohusiana na madrasa, kwa kuwa mtaani huaminika kwamba ajuaye kusoma Kiarabu hashindwi na maandishi yoyote. Mzee mmoja, muuza samaki, alileta karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, ikimdai shilingi 480,000 pamoja na gharama za ufuatiliaji, zitumwe kwenye namba ya simu iliyokuwa chini ya ukurasa. Jina lake lilikuwa limekosewa. Jina la aliyemkopesha halikutajwa kabisa, wala tarehe ya mkopo. Alipoulizwa kama amewahi kukopa mahali popote, aliapa kwamba hajawahi, na hapo hapo akatoa mfukoni pesa alizokuwa amekwisha kuzikusanya, akasema: “Mwalimu, bora nilipe tu, nisije nikafa nalo.”

Kauli hii ina harufu ya uchamungu, na ndiyo maana inahitaji kujibiwa kwa elimu. Wanazuoni wetu wamekubaliana kwamba asili ya dhima ya mwanadamu ni kuwa safi. Mtu huzaliwa hadaiwi, na hubaki hadaiwi mpaka kithibiti kinyume chake. Kwa hiyo mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta bayyina, yaani ushahidi ulio wazi, na mwenye kukana hatakiwi zaidi ya kiapo. Huu ndio msingi wa mlango mzima wa madai katika vitabu vya fiqhi. Na ni katika mambo ambayo sheria za nchi yetu zimekutana nayo, kwani Sheria ya Ushahidi ya Tanzania nayo inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayetaka mahakama iamini kwamba jambo fulani lipo. Barua si bayyina. Muhuri si bayyina. Ukali wa maneno ndio kabisa hauna nafasi.

Huenda msomaji akasema: je, si katika uchamungu mtu kuacha chenye shaka? Ni kweli, lakini shaka ni lazima iwe na mahali pa kusimama. Aliyewahi kukopa, au kununua bidhaa kwa malipo ya awamu, au kuweka saini kwenye karatasi asiyoikumbuka vizuri, huyo ana shaka, na ni wajibu wake aichunguze hata kama mdai mwenyewe ni mtu mjeuri. Ama asiyewahi kukopa ana yakini, na kanuni ya fiqhi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, seuze shaka iliyopandikizwa na mtu mwingine kwa karatasi. Akilipa, hakulipa deni lolote. Amemlisha dhalimu mali kwa batili, amepunguza chakula cha watoto wake, na amemtia nguvu tapeli yule aende kwa jirani yake wa pili.

Suala la udhamini linahitaji kusimamiwa kwa urefu zaidi, maana hapo ndipo wengi wanapozidiwa. Tukirudi kwenye kile kisa, ni nani aliyemfanya Abu Qatada kuwa mdhamini? Ni yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, mbele ya watu. Kafala katika fiqhi haisihi bila ya ridhaa ya mwenye kudhamini, na katika sheria za mikataba pia hakuna anayefungwa na ahadi ambayo hakuitoa. Basi mtu kuliweka jina lako na namba yako kwenye fomu ya mkopo bila ya wewe kujua hakukuhamishii hata senti moja.

Na mara nyingi hata fomu haikujazwa. Mkopaji amepakua programu ya mikopo katika simu yake, programu ikaomba ruhusa ya kuyasoma majina yote yaliyohifadhiwa, naye akabonyeza “kubali” kwa sababu mtoto ni mgonjwa na pesa inahitajika jioni ile. Siku ya kulipa ikipita, wakopeshaji huwaandikia wote: mama mkwe, mwajiri, imamu wa msikiti, fundi wa baiskeli. Lengo ni aibu, na kila atakayelipa kwa kuona haya ni faida kwao. Haya ni sehemu ya yale ambayo wananchi wameyaita mikopo ya kausha damu, na riba iliyomo humo ni msiba mwingine unaostahiki ukurasa wake. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliitangazia umma programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila ya leseni. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilikataza waziwazi kuyatumia majina yaliyomo katika simu ya mkopaji kwa ajili ya kuwasumbua watu wake. Nasi hapa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Mwenye kutangazwa kwa deni lisilo lake anao mlango wa kubisha.

Sasa afanye nini aliyepokea barua? Kwanza asipige namba iliyoandikwa ndani yake. Kama barua imetaja benki au taasisi inayojulikana, aende tawini kwa miguu yake, au aitafute namba ya ofisi hiyo kwa njia nyingine. Kisha ajibu kwa maandishi, kwa maneno machache yasiyo na matusi, kwamba halijui deni hilo, na atake aletewe jina la mkopeshaji wa asili, tarehe ya mkopo, kiasi cha asili kikitengwa na nyongeza, nakala ya mkataba wenye saini, na barua ya mkopeshaji inayompa huyo mkusanyaji mamlaka ya kudai. Abaki na nakala, na bahasha asiitupe. Mkusanyaji wa kweli hashindwi kuyaleta haya, kwani ni kazi yake ya kila siku. Tapeli hunyamaza, au huongeza vitisho, na vitisho vikiongezeka baada ya mtu kuomba ushahidi ni dalili inayotosha.

Pili, asitoe “kidogo cha kuonyesha nia njema”. Huu ndio mtego tunaouona ukiwanasa wengi. Malipo ya sehemu huweza kuhesabiwa kuwa ni kulikiri deni lote, na aliyekuwa na hoja jana anajikuta leo ameidhoofisha hoja yake kwa shilingi elfu kumi. Wala asiitoe namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya siri ya simu, au namba ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe, hata akiambiwa ni kwa ajili ya “kulifuta jina lako”. Na kwa kuwa mtu anaweza kuwa amekopewa kwa jina lake na laini asiyoijua, apige *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiikuta ngeni, aende kwa mtandao husika ifungwe, na akatoe taarifa polisi apate karatasi ya kumbukumbu. Jumbe za utapeli hutumwa kwenye namba 15040.

Hata hivyo, isieleweke kwamba kila barua itupwe jalalani. Hati ya wito wa mahakama si ya kupuuzwa. Hii huwa na jina la mahakama, namba ya shauri na tarehe ya kufika, na ukweli wake unajulikana kwa kwenda masjala ya mahakama hiyo na kuuliza kama shauri la namba hiyo lipo. Likiwepo, ufike siku hiyo ukakane mbele ya hakimu, hata kama deni ni la uongo mtupu, kwa sababu asiyefika anaweza kuhukumiwa upande mmoja, na hapo uongo unapata nguvu ya hukumu. Ama dalali wa mahakama, huyo hutekeleza amri iliyokwisha kutolewa, na amri hiyo anaweza kuombwa aionyeshe. Dalali anayetangulia kabla ya shauri hajatumwa na mahakama.

Na kuna upande wa pili ambao hatuna budi kuutaja. Aliyekopa kweli asiyachukue maneno haya akayafanya ngao. Sheria ya ukomo ya nchi inamzuia mdai wa mkataba kufungua shauri baada ya miaka sita, lakini hiyo ni sheria ya milango ya mahakama. Mbele ya Allah (s.w.) deni la kweli halichakai, awe aliyekopesha ana risiti au hana.

Limebaki jambo la misibani. Ni ada yetu njema kwamba kabla ya kuswaliwa maiti, mmoja wa jamaa husimama akatangaza kuwa mwenye kumdai marehemu aende kwa familia. Lakini zipo familia ambazo baada ya tangazo hilo zimejiwa na watu wasiojulikana, kila mmoja na kiasi chake, na wafiwa wakalipa kutoka rambirambi kwa kuwa walikuwa wakilia na waliona haya kuuliza. Madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii, yana hadhari ya ziada katika suala hili hili. Anayemdai maiti haitoshi kuleta ushahidi, bali huapishwa pia kwamba deni hilo bado lipo na hakulipwa, kwa sababu maiti hawezi kusimama akasema “nilikulipa”. Kiapo hicho huitwa yamini ya istidhhari. Deni hutangulia mgawanyo wa mirathi, hilo halina mjadala, lakini ni deni lililothibiti.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu na wazee wa misikiti waliongeze tangazo la jenezani kwa maneno machache: mwenye kumdai marehemu aende kwa msimamizi wa mirathi, baada ya siku za msiba, na aje na ushahidi wake. Na msimamizi awe na daftari, aandike jina la kila mdai, kiasi, tarehe ya deni na mashahidi wake, kisha mdai aweke saini chini ya maneno yake mwenyewe.