Haya Isiwe Pazia la Maradhi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juma hili tunajibu swali tuliloletewa na mama mmoja baada ya darsa la wanawake. Binti yake alitibiwa saratani ya damu, akamaliza dawa, nyumba ikapata utulivu na posa ikaja. Kisha binti akahisi kivimbe katika titi la kushoto. Hakimuumi. Kwa kuona haya alinyamaza mpaka mama alipokigundua mwenyewe. Sasa anakataa kwenda hospitali kwa kuchelea daktari mwanamume, na shangazi zake wanasema: "Maradhi yake yalikuwa ya damu, titi lahusu nini?" Mama anauliza: tufanyeje?

Sisi si matabibu, hivyo tuliwauliza wenye ujuzi kabla ya kujibu.

Saratani ya damu, iitwayo lukemia, huanzia katika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe zilizoharibika huzaana kupita kiasi na kutembea mwilini pamoja na damu. Mara chache chembe hizo hutua nje ya uboho, zikajikusanya na kufanya uvimbe: katika ngozi, katika mfupa, katika tezi na, kwa nadra zaidi, ndani ya titi. Jambo hili si geni kwa matabibu. Allan Burns wa Scotland aliueleza uvimbe wa namna hii mwaka 1811, na mwaka 1853 ukapewa jina la kloroma, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya kijani, kwa kuwa ukipasuliwa huenda ukaonekana na rangi hiyo. Siku hizi huitwa sarkoma ya mieloidi. Huweza kutokea wakati mmoja na maradhi ya damu, au kuyatangulia, au kuja baada ya mgonjwa kudhaniwa amepona, hata aliyepandikizwa uboho. Ukija baada ya nafuu, huenda ukawa ndiyo ishara ya kwanza kwamba maradhi yanarejea.

Basi shangazi wasituhumiwe kwa nia mbaya, lakini wamekosea. Titi lahusu sana.

Tena uvimbe huu ni mwenye kudanganya. Katika picha ya matiti waweza kufanana na uvimbe usio na madhara, au na saratani ya kawaida ya titi. Hata kinyofu cha nyama kikitazamwa kwa hadubini, asiyejua habari za mgonjwa aweza kukidhania kitu kingine, mpaka vipimo maalumu vya maabara vifanywe. Na tiba hutofautiana. Saratani ya kawaida ya titi mara nyingi huhitaji upasuaji. Lakini huu ni tawi la maradhi ya damu, na msingi wa tiba yake ni dawa zinazofika mwili mzima. Kulikata titi peke yake hakuyamalizi maradhi. Kwa hiyo maneno machache, "Niliwahi kutibiwa saratani ya damu," yaweza kumwongoza daktari njia iliyo sawa. Binti aende na karatasi zake zote za zamani: aina ya lukemia, dawa alizopewa na tarehe zake.

Wala tusitiane hofu. Vivimbe vingi vya matiti si saratani kabisa. Na aliyeugua damu aweza pia kupata saratani ya kawaida ya titi, hasa aliyepigwa mionzi kifuani akiwa kijana. Atakayepambanua ni daktari pamoja na maabara, si baraza la jamaa.

Ama kuhusu haya: ni sehemu ya imani, nasi twamsifu binti kwa kuwa nayo. Lakini haya impendezayo Mola humkinga mja na maasi, haimfungii mlango wa tiba. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Wanavyuoni wamebainisha njia: atafutwe kwanza daktari mwanamke, asipopatikana, mwanamume mwaminifu aruhusiwa, awepo maharimu au mwanamke wa kuaminika, na kifunuliwe kile tu kinachohitajika.

Nanyi akina baba, msiwaachie akina mama mzigo huu. Mfuateni binti yenu, mkae naye kwenye benchi, mbebe faili lake.

Mama alitunong'oneza kwamba waliazimia kungoja mpaka arusi ipite, wakweze wasije wakasikia. Tulimwambia: arusi husogezwa mbele, maradhi hayasogezwi. Mwende kesho asubuhi.

Ewe Mola, Mwenye kuponya, mponye binti huyu na kila mgonjwa wetu, na utujaalie tuseme kabla ya kuchelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.