Zile skrubu mbili za VGA hazikuwa ujinga

Wasee, leo naongea juu ya kitu ambacho mtu huwa hakiangalii mpaka kimletee hasara: kile kinachoshikilia waya wa skrini yako.

Juzi nilikuwa nahariri video ya harusi, laptopu nimeiunganisha na monita kwa HDMI. Ndugu yangu mdogo akapita, mguu ukanasa waya. Waya ukavutwa kwa upande, tundu la laptopu likalegea. Fundi wa Luthuli Avenue akasema elfu tatu: atoe tundu kwenye bodi, achomelee lingine. Na bibi harusi anauliza video iko wapi.

Hapo ndio nikakumbuka VGA. IBM walileta hiyo kitu 1987, pini 15, skrubu mbili kando. Shuleni hakuna mtu alikuwa anazikaza. Skrini ikigeuka njano, mwalimu anaipiga kofi, kumbe ni waya umelegea. HDMI ya kawaida ina pini 19 na haina kufuli. Inakaa kwa kubanwa tu. DisplayPort nyingi zina vindoano viwili, unabonyeza kwanza ndio uchomoe.

Lakini wacha niwe mkweli. Kama ningekuwa na VGA iliyokazwa vizuri, labda monita ingekuwa sakafuni. Kufuli haiondoi nguvu ya mtu aliyejikwaa, inaipeleka kwingine tu. Kwa hivyo siku hizi najiuliza hivi: waya ukivutwa, nini kiumie?

Msimamo wangu ni huu. Projekta ya kanisa iliyoning'inia darini, funga. Hakuna anayepita pale juu, na uzito wa waya wenyewe unavuta chini kila siku. Lakini kwa bedsita, ambapo meza ndio ofisi na mlango uko hatua mbili, usiiachie laptopu kazi ya kushikilia waya. Funga waya kwenye mguu wa meza, hata na kamba ya kiatu, halafu uache ulegee kidogo kati ya hapo na mashine. Mtu akijikwaa, meza ndio itavutwa, si tundu.

Kamba ya kiatu nilikuwa nayo siku zote. Elfu tatu ndiyo sikuwa nayo. Angalia waya wako leo kabla hujalala.