Vyama vya Wafanyakazi na Mlango wa Kiwanda

Chama cha wafanyakazi kilicho kikubwa kupita vyote nchini Tanzania leo ni kile cha walimu, na uimara wa uchama kwa jumla umehamia kwa watumishi wa umma. Ama mfanyakazi wa kiwanda, hoteli, duka au shamba la mtu binafsi, ambaye wahenga wake ndio waliouasisi uchama huo, yeye aghalabu hana kadi wala hamjui katibu wa tawi lake. Sababu zinazotajwa sana ni zile zilizo nje ya vyama, nazo si batili. Lakini rai yangu ni kwamba iliyo kubwa imo ndani, na imekuwamo tangu zamani.

Tuzitazame kwanza hizo za nje. Mkonge, ambao mwanzoni mwa miaka ya sitini uliwaajiri watu zaidi ya 100,000, na mwaka 1964 ukatoa zaidi ya tani 200,000, ulishuka hata ukafikia kiasi cha tani 20,000 mwishoni mwa karne, kwa kushindwa na kamba za plastiki na kwa uendeshaji dhaifu wa mashamba. Viwanda vya nguo na mashirika mengine ya umma yakaanza kubinafsishwa tangu mwaka 1992, na mengi yakafungwa au yakapunguza watu. Na waajiri waliokuja baadaye wakapendelea mikataba mifupi, mawakala wa ajira, na vibarua wanaochaguliwa alfajiri getini, ambao leo wapo na kesho hawapo. Mtu wa namna hiyo, husema watetezi wa vyama, hawezi kuandikishwa, kwa kuwa akionekana tu na fomu ya chama, kesho yake haitwi.

Hoja hii ingalikuwa na uzito zaidi lau historia isingaliikanusha. Mgomo wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1939 ulifanywa na makuli wa kutwa, watu waliolipwa siku kwa siku, wasio na mkataba wala hakika ya kazi ya kesho. Na mwaka 1947 moto uliowashwa bandarini humo ulifuata njia ya reli ukaingia bara, minghairi ya sheria yoyote ya kumlazimisha mwajiri kuwakata watu ada. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza, lilikuta mashambani manamba waliotoka mbali, wenye lugha mbalimbali, wakiishi katika kambi za mwajiri mwenyewe. Nao pia waliandikishwa na wakagoma. Ukibarua, basi, ni kikwazo, lakini haukupata kuwa kaburi la uchama.

Lililobadilika ni njia ya kupata ada. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na ada yake ikakatwa katika mshahara kabla mfanyakazi hajaushika. Insafu yatutaka tukiri kwamba zama hizo zilileta pia sheria ya mwaka 1964 iliyomkinga mfanyakazi asifukuzwe kiholela, na kwamba serikali changa ilikuwa na hofu zake. Lakini katika miaka ishirini na saba, NUTA ikifuatwa mwaka 1978 na JUWATA iliyokuwa jumuiya ya chama tawala, kilikua kizazi kizima cha viongozi ambao hawakupata kulazimika kumshawishi mtu hata mmoja atoe shilingi yake kwa hiari.

Vyama viliporejeshewa uhuru wao katika miaka ya tisini, viliurithi utaratibu wa makato pamoja na tabia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akate ada ya mfanyakazi aliyeridhia kwa maandishi, na inakiruhusu chama chenye wengi kazini kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao watozwe ada ya uwakala, kwa kuwa mkataba wa hali bora unawanufaisha wote. Kwa sheria hilo ni haki. Kwa taathira yake, chama huweza kujaza mfuko kutoka kwa watu kisiowajua, kikaona hakuna haja ya kusimama getini alfajiri kuzungumza na kibarua asiye na hati ya mshahara ya kukatiwa chochote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vyama vya viwandani na mashambani na viwaandikishe vibarua kwa ada ndogo inayolipwa mkononi na kutolewa risiti. Hesabu zao na zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka. Na katibu wa tawi na apimwe kwa idadi ya watu aliowashawishi mwenyewe. Waajiri wagumu na sheria pungufu zitaendelea kuwapo, kama zilivyokuwapo mwaka 1939, na chama kinachongoja ziondoke kwanza ndipo kianze kazi hakitapata wanachama.