USALAMA USIMBAGUE MNYONGE

Mji wa Katra, katika wilaya ya Reasi huko Jammu, kaskazini mwa India, ni mji mdogo wenye wageni wengi. Hapo ndipo waumini wa dini ya Kihindu huanzia safari ya miguu ya kilomita zipatazo 13, wakipanda milima ya Trikuta kwenda kuhiji katika hekalu la Vaishno Devi. Mwaka 2023 peke yake mahujaji zaidi ya 9,000,000 walifika huko.

Miongoni mwao wamo wakulima, vibarua na wachuuzi. Wao, kama walivyo zaidi ya watu tisa katika kila kumi wenye simu nchini India, hutumia laini ya kulipia kabla. Lakini kwa miaka mingi sasa, laini ya namna hiyo iliyonunuliwa nje ya Jammu na Kashmir hunyamaza mara mwenyewe aingiapo humo. Aliye na laini ya kulipia ankara kila mwezi huendelea kuzungumza. Yule aliyekwisha kulipa hana budi kununua laini nyingine, na salio lake limelala mfukoni.

Sisi tuliolelewa katika nidhamu ya ulinzi hatuwezi kuibeza sababu iliyotolewa. Jammu na Kashmir ni eneo lililomwaga damu nyingi, na laini isiyo na mwenyewe ni silaha mkononi mwa adui. Mnamo Novemba 1, 2009, Serikali ya India ilipiga marufuku laini zote za kulipia kabla katika eneo hilo, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimeuzwa bila ya wanunuzi kuhakikiwa ipasavyo. Marufuku hiyo iliondolewa Januari 2010. Tena, mawasiliano yalipokatwa Agosti 2019, wenye laini za ankara katika bonde la Kashmir walirudishiwa simu Oktoba 14 mwaka huo. Wenye kulipia kabla walingoja hadi Januari 2020.

Hapo ndipo penye swali. Je, ulinzi hutazama mtu ni nani, au hutazama analipaje? Hujaji wa Katra hafichiki. Baada ya watu 12 kufa katika msongamano hekaluni hapo Januari 1, 2022, mwaka huo huo kila hujaji alianza kupewa kadi ya kumtambulisha, inayosomwa kwa mawimbi ya redio. Mtu aliyekwisha kujulikana hivyo, kumnyima sauti ni kumwadhibu kwa ufukara wake. Na siku ya maafa, mama aliye kijijini hatauliza mwanawe hulipia simu kwa njia gani; atauliza kama yu hai.

India yenyewe imeonyesha kwamba mlipaji mdogo aweza kulindwa. Makampuni ya simu yalikuwa yakiuza vifurushi vya siku 28 kana kwamba ndio mwezi, na mteja akajikuta analipa mara 13 kwa mwaka. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano iliagiza kila kampuni iwe na angalau kifurushi kimoja cha siku 30. Desemba 2024 ikaagiza pia vifurushi vya kuzungumza na ujumbe tu, ili mzee asiyetumia intaneti asilipie asichokitumia. Uangalifu huo yafaa upande hadi Katra.

Nasi hapa Uganda tuna la kujifunza. Tangu usajili wa laini ulipoanza mwaka 2012, wananchi wamejitambulisha kwa mujibu wa sheria. Mwananchi akikwisha kujitambulisha, ametimiza wajibu wake. Uliobaki ni wajibu wa dola kumtambua yeye, wala si uzito wa mfuko wake. Ulinzi unaomheshimu mnyonge humfanya naye awe mlinzi.